Pasi, Pingu na Pengo

Waingereza ni matajiri wa kila kitu isipokuwa maneno. Nimeshika maoni haya tangu nikiwa msichana wa miaka kumi na mbili, kumi na tatu hivi, nilipokuwa nakaa misheni, mwendo wa siku moja mashariki ya Dodoma. Nchi ilikuwa ya Wadachi, ndio Wajerumani, lakini wamisheni wetu walikuwa Waingereza, na Wadachi waliwavumilia kama unavyomvumilia mgeni wa jirani. Mama wa misheni, aliyenifundisha kusoma, kushona na kufua, alikuwa na neno lake moja, iron, ambalo sisi wasichana tulilitamka ayani. Neno hilo alilituma kila mahali kama mtu mwenye punda mmoja tu.

Jembe lilikuwa ayani. Pasi ya mkaa, ile yenye jogoo mdogo juu ya kifuniko, ilikuwa ayani, na kazi ya kuipitisha juu ya shuka nayo ilikuwa ayani. Alipojifungua mtoto aliyekufa akabaki amepauka, alikunywa dawa nyeusi kwa kijiko, akanieleza kuwa damu yake imepungukiwa ayani. Nilimtazama nikadhani uchungu umempanda kichwani, maana nani alaye jembe? Tukigombana sisi wasichana, alitukalisha benchi moja na kusema kwamba ugomvi huu lazima tuupige ayani mpaka ulale. Na siku wafungwa wa boma walipopita njiani na mawe vichwani, shingo zao zimetiwa mnyororo mmoja, aliinamisha macho akasema maskini wale wako kwenye ayani.

Sisi kila kitu tuna jina lake. Pasi ni pasi, pingu ni pingu, mnyororo ni mnyororo, na ukisikia jina unajua kama ukae au ukimbie. Nilimdharau kwa hilo, ila sikumwambia. Nilikuwa nakula ugali wake.

Ayani yangu ya kwanza hakuijua. Kilikuwa kichuma bapa, kifupi, cheusi, cha kung'olea meno. Kwetu Ugogo siku zile mtoto aling'olewa meno mawili ya mbele, ya chini, na mwenye meno yote alichekwa visimani. Wamisheni walikuwa wamesema wazi kwamba hawapokei mtoto atakayeng'olewa akiwa mikononi mwao, basi mama yangu akanimalizia kazi hiyo mwanzoni mwa kiangazi, kabla ya kunipeleka. Baba alikuwa amekwisha kufa. Aliyenishika kichwa, akakibana katikati ya magoti yake, alikuwa kaka yangu, aliyenipita miaka mitano au sita. Aliniambia nisilie, kwa sababu nikilia watu watasema yeye ndiye aliyenishika vibaya. Nililia, naye akajifanya hasikii.

Jioni yake alinichukua mpaka kwenye mashimo ya maji kule mchangani mtoni, akanifundisha dawa ya maumivu. Unajaza maji kinywani, unabana midomo ukiacha uwazi mdogo, kisha unayasukuma maji kwa ulimi yapite kwenye pengo. Ukijua, hayatoki kama maji, yanatoka kama vumbi. Tulishindana kiangazi chote, kila tulipopeleka ng'ombe kunywa. Alinishinda kila siku. Vumbi lake lilielea kwanza kabla ya kuanguka, na kila akimaliza alinigeukia akangoja niseme amenishinda. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akadhani baadaye kwamba sikujua.

Misheni nilikuta mchezo ule ni kazi. Nguo iliyokauka sana haikubali pasi, lazima uirudishie unyevu. Mama wa misheni alichovya vidole kwenye bakuli akakung'uta, na matone yakaanguka makubwa makubwa, kila tone likaacha doa pasi ilipopita. Mimi nilingoja ageuke, nikajaza kinywa, nikapuliza. Nguo ikalowa sawasawa, kola ikatoka imesimama kama ukuta. Alinisifu kwa miezi miwili, mpaka siku aliponikuta mashavu yamejaa. Hakuwa mtu wa kupiga. Alinipa kipande cha sabuni akaniamuru nikisugue kinywa mpaka povu litoke, akaniambia mate ni uchafu na mzungu yeyote akijua hatavaa nguo ile tena. Nilichojifunza siku hiyo ni kusikiliza vishindo vya miguu.

Reli ilikuwa imefika Dodoma juzijuzi walipomkamata kaka yangu. Watu wa akida walikuja kukusanya vijana wa kuponda mawe ya reli, naye akawakimbia kwenda porini na ng'ombe. Wakachukua mbuzi wa mama. Aliporudi akayakuta mazizi matupu, alimfuata mmoja wa watu wale akamtandika kwa fimbo yake ya kuchungia. Bwana Shauri, yule Mdachi mwenye boma la Dodoma, akamtia mnyororoni nusu mwaka.

Mama alitembea kutwa nzima kuja misheni. Alifika vumbi limemjaa hadi kwenye kope, hakutaka hata maji.

"Wewe ndiye unayejua lugha zao," aliniambia. "Kamtoe."

Alisema kana kwamba kaka ni mbuzi aliyeingia zizi la jirani. Lakini bahati ikawa upande wetu, au tulidhani hivyo. Mke wa Bwana Shauri alikuwa amefika karibuni kutoka Ulaya, akatuma watu kuuliza kama kuna msichana anayejua kupiga pasi. Mama wa misheni akanitoa mimi. Aliniombea kwa muda mrefu, mkono wake kichwani pangu, na mimi nikawa nawaza kama bomani wanakula nyama.

Dodoma ya siku hizo ilikuwa stesheni, boma, maduka machache ya Wahindi, na upepo. Pale wanapopaita Makole sasa palikuwa vichaka vya miiba. Nilipewa chumba cha mawe nyuma ya boma, chenye meza, dirisha moja na pasi mbili. Nilipewa kanga, nikapewa ndara za ngozi, nikapewa kitanda cha kamba. Jumapili nilikula wali. Sitaki kudanganya mahali hapa: nilivipenda vitu hivyo. Nilikuwa sijawahi kulala juu ya kitanda, na usiku wa kwanza nilikaa macho kwa furaha tu, nikipapasa kamba.

Wafungwa ndio walioniletea maji. Walifungwa wawili wawili kwa mnyororo mfupi wenye pete za shingoni, kila mmoja na debe lake kichwani, askari nyuma yao. Walioandikiwa chumba changu walikuwa kaka yangu na mzee mmoja wa Kolo, upande wa Kondoa. Kaka alikuwa amekonda, na pete ilikuwa imemchubua shingo mpaka nyama inaonekana. Hakuruhusiwa kuongea nami. Kiswahili chenyewe hakukijua zaidi ya "ndiyo bwana" na majina ya adhabu. Lakini askari alipenda kusimama nje avute tumbaku yake, na ndani ya dakika zile kaka alinitazama nikipuliza maji kwenye nguo za wakubwa, macho yake yakacheka.

Siku moja alininong'oneza kwa Kigogo, "Bado unamwaga kama ng'ombe anayekojoa."

Nilicheka hadi maji yakanipanda puani. Ndiyo siku niliyompenda kuliko zote, na naiweka hapa ili ihesabiwe.

Yule mzee wa Kolo nilimchukia. Alikuwa mchuuzi wa tumbaku na asali, ametembea Ugogo miaka mingi na punda wake, na alifungwa kwa kuwaficha punda hao boma lilipowataka. Alikuwa na meno yote, makubwa, meupe, na aliyaonyesha bila sababu.

"Mke wangu, leo mbona husalimii?" alizoea kusema akitua debe.

"Shikamoo, babu," nilijibu, nikiwa nimekunja uso.

"Marahaba, mke wangu. Siku wakinifungua narudi na mahari, usije ukaolewa na shaushi, mkubwa wa askari hawa."

Kila babu hutania hivyo wajukuu, hapakuwa na ubaya wowote. Nyumbani ningemjibu kwamba sitaki mume mwenye mvi puani, tungecheka, yakaisha. Lakini mimi sasa nilikuwa mtu wa kanga na ndara, na sikutaka kuitwa mke na mtu mwenye pete ya chuma shingoni. Ujinga wa msichana, utasema. Mimi nimekwisha kuwaona wazee wengi wenye ujinga huohuo.

Bwana Shauri mwenyewe hakuwa mkali wa kelele. Alikuwa mtu wa kupima. Alikuwa na chuma cha kupimia vichwa, chenye mikono miwili iliyopinda kama pembe za ng'ombe, na wafungwa wote aliwapima, akaandika. Hata mimi alinipima. Alinifungua mdomo akaingiza ncha ya kalamu kwenye pengo langu, akauliza nilitolewa meno nikiwa na umri gani, kwa chombo gani, nani alinishika. Nilimjibu yote. Nadhani mama wa misheni angekiita chuma kile ayani nacho, na kwa mara moja ningekubaliana naye, kwa sababu sikuwa na jina la kukipa.

Mwezi wa Januari, mvua zimeshika, ilikaribia sikukuu ya kuzaliwa mfalme wao. Wageni walikuwa waje kutoka Kilimatinde na kutoka huko reli inakojengwa. Bwana Shauri akaniletea koti lake jeupe la sherehe, akaliweka juu ya meza kwa mikono miwili.

"Siku ya mfalme natoa wafungwa watatu," alisema kwa Kiswahili chake kikavu. "Nguo hii ikiwa safi kama karatasi, ndugu yako atakuwa mmoja wao."

Nilipata mtu wa kupeleka habari kwa mama. Nilisikia baadaye kuwa aliacha kuuza maziwa siku ileile, akawa anaweka samli kidogo kidogo kwenye kibuyu kwa ajili ya kumlainisha mwanawe shingo.

Siku moja kabla ya sikukuu, asubuhi, mkaa ulikuwa umelowa na kazi imenichelewesha. Koti nilikuwa nimelitia wanga wa muhogo tangu jana, limekauka kama gome. Kaka na mzee wa Kolo waliingia, wakatua madebe, wakasimama kungoja yale matupu. Askari alikuwa nje amejibanza ukutani kwa manyunyu. Nilijaza kinywa nikapuliza, na sijawahi kupuliza vizuri vile maishani. Maji yalisimama juu ya koti kama ukungu wa asubuhi bondeni.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Sikusikia vishindo.

Bibi, mke wa Bwana, alisimama mlangoni. Aliuona ukungu ukishuka juu ya koti la mumewe, akatuona watu watatu tumeizunguka meza. Kinywa kilichouleta hakukiona, kwa kuwa nilikuwa nimempa mgongo, na maji yaliyobaki nikayameza kabla sijageuka. Alipiga ukelele. Bwana Shauri akaja na shaushi wake, mtu wa Manyema mwenye mabega kama mlango. Bibi akasema naye kwa lugha yao, akionyesha koti, akionyesha mdomo wake mwenyewe.

"Nani ametemea nguo yangu mate?" aliuliza Bwana.

Hapa kuna jambo ambalo lazima niliseme sasa, si baadaye. Wanawake hawakupigwa viboko bomani, sheria ya Wadachi iliwakataza askari. Nililijua hilo, kila mwanamke wa Dodoma alilijua. Ningesema ni mimi, ningevuliwa kanga, ningerudishiwa kitambaa changu cha zamani, ningekwenda nyumbani kutwanga uwele. Hayo tu.

Nilimnyooshea kidole mzee wa Kolo.

"Huyu, bwana. Hunichezea kila siku."

Nusu ya maneno yale ilikuwa kweli, na uongo wenye nusu ya ukweli hutembea mbali. Mzee alinitazama mdomo wazi. Nilichowaza ni kwamba yeye ni mzee, watampunguzia, na tena hana mama wa kumlilia hapa karibu. Shaushi alikwisha kumshika mnyororo, akamvuta, na kaka yangu akavutwa pamoja naye kwa sababu walikuwa kwenye mnyororo mmoja.

Lakini nimesema Bwana alikuwa mtu wa kupima. Aliinama juu ya koti, akalitazama kwa pembeni kuelekea mwanga, akapitisha kiganja. Akamwendea mzee akamwambia afungue kinywa. Akayaona yale meno yote. Basi akaamuru apewe maji, apulize. Mzee wa watu alipuliza, na maji yakatoka kama yaliyomwagwa na bakuli, yakailowesha miguu ya shaushi. Shaushi akamchapa kofi. Bwana akacheka, cheko fupi la mtu aliyepata jibu la hesabu.

"Huyu hana pengo," alisema. "Hii ni kazi ya pengo."

Mapengo chumbani yalikuwa mawili, langu na la kaka yangu. Bwana alinitazama mimi kwanza. Alinitazama muda mrefu, na nikaona koti likinitazama pia, na kitanda cha kamba nyuma ya pazia. Kisha akaonyesha kwa kidevu.

"Ndugu yako hajui Kiswahili. Mwambie apulize."

Bwana hakujua Kigogo. Bibi hakujua lugha yoyote ya huku. Shaushi wa Manyema aliona Kigogo ni kelele za ndege. Niliweza kumwambia kaka lolote. Niliweza kumwambia akohoe, amwage maji kidevuni, ajifanye mjinga, kwani ujinga ndio uliowaokoa watu wengi wakati wa Wadachi. Lakini akishindwa kupuliza, chumbani hapabaki kinywa kingine ila changu. Nilipima, kama yule Bwana. Huku mgongo wa kaka yangu, huku kanga na wali wa Jumapili. Ningependa kuandika kwamba nilichanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa hata kidogo, kichwa changu kilikuwa kimetulia kabisa.

Nilimwambia kwa Kigogo, "Puliza kama kule kwenye mashimo ya maji. Bwana amesikia kwamba unajua. Akipendezwa, atakufungua kesho."

Uso wake ulifunguka. Alikuwa amesimama pale muda wote bila kuelewa kitu, anaona makofi na kelele, na sasa mdogo wake anampa habari njema kwa lugha ya nyumbani. Alijifuta midomo kwa mkono. Akanywa funda, akainua kidevu kadiri pete ilivyomruhusu, akapuliza. Vumbi la maji likatoka, likaelea juu ya koti, likakaa hewani hadi Bibi akarudi nyuma hatua moja. Halafu likashuka taratibu, sawasawa, kila mahali. Kaka akanigeukia akangoja.

"Umenishinda," nilimwambia.

"Hamsa ishirini," alisema Bwana Shauri, "na nusu mwaka mwingine."

Hamsa ishirini kaka aliielewa, hapakuwa na mtu nchi nzima asiyeielewa, viboko ishirini na vitano. Tabasamu lilichelewa kumtoka. Hakunitilia shaka, hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Alidhani amepuliza vibaya.

"Mwambie nitarudia," alinihimiza kwa Kigogo, shaushi akiwa amekwisha kumshika. "Mwambie midomo ilikuwa mikavu. Ya pili itakuwa nzuri."

"Anasema nini?" Bwana aliuliza.

"Anaomba radhi, bwana," nilisema.

Wakamtoa. Bibi akaagiza koti lifuliwe upya kwa sabuni, likaushwe juu ya mkaa, liwe tayari kabla ya jua kuchwa. Uwanja wa kupigia ulikuwa upande wa pili wa ukuta wangu. Nilihesabu mpaka kumi na nane, kisha moto ulikuwa unapungua nikaenda kuongeza mkaa. Koti lilipokauka nililinyunyizia maji kwa kinywa. Njia ya vidole ingeacha madoa.

Kesho yake Bwana Shauri alisimama mbele ya wageni akiwa mweupe kama karatasi, bendera juu yake, ngoma zikipigwa. Walitoka wafungwa watatu. Mahali pa kaka yangu alitoka mzee wa Kolo. Nilikuwa mlangoni kwangu alipopita, shingo yake nyembamba bila ile pete, na nikajitayarisha kwa utani wake. Alisimama, akasema nami kwa Kigogo, Kigogo kilichonyooka, cha mtu aliyeuza tumbaku Ugogo miaka ishirini. Hapo ndipo nilipojua kwamba chumbani tulikuwa watatu tuliosikia.

"Nilitaka kumwambia kaka yako jana," alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako, nilitaka kumwambia hivyo tu. Amelala kifudifudi ananiuliza kama bwana bado amekukasirikia wewe. Nimenyamaza. Mtu yuko mnyororoni, nikimnyang'anya na dada yake abaki na nini?"

Hakuniita mke wake. Alishika njia ya Kondoa bila kugeuka, na sikumwona tena.

Mama alikuja mchana, kibuyu cha samli mgongoni, amejipaka mafuta na kuvaa shanga zake zote, amekuja kumchukua mwanawe. Kaka alikuwa amekwisha kupandishwa behewa la mawe, kupelekwa magharibi kuponda kokoto. Nilimwambia mama kuwa mwanawe ametemea mate nguo ya bwana. Alikishusha kibuyu mgongoni.

"Mwanangu hana wazimu," alisema.

Kisha akaniachia samli, kwa sababu ni ujinga kubeba mzigo kwenda na kurudi, akaanza safari ya kutwa nzima kwa miguu. Samli ile niliila na wali wa sikukuu. Ilikuwa nzuri. Mama wa misheni naye, nilipokwenda kumsalimia, alisikia habari akanikumbatia, akalia kwa sababu wamemrudisha kaka yangu kwenye ayani. Aliniambia nimeteseka sana nami bado mtoto. Nilimwachia machozi yake, sikumsahihisha hata neno.

Kaka alirudi baada ya mavuno ya mwaka huohuo. Shingo yake ilikuwa na mkanda mweusi wa ngozi iliyokufa, na mgongo hakuuonyesha kwa mtu. Wazee na vijana walijaa tembe ya mama kumsikiliza, nami nilikuwa nimepewa ruhusa ya siku mbili nikafika na kanga mpya. Aliwasimulia habari za reli, za mawe, za wenzake waliokufa kwa kuhara. Alipofika kwenye habari ya koti alininyooshea mkono mbele ya watu wote.

"Huyu alinisemea," alisema. "Alisimama mbele ya Mdachi, mtoto mdogo hivi, akamwambia kaka yangu anajua kupuliza, mjaribu, umfungue. Alimbembeleza kwa Kiswahili mpaka akakubali. Yule Mdachi alikuwa mtu mbaya tu, akageuka. Si ndivyo?"

Watu wote walinigeukia. Mama alikuwa ananitazama kutoka penye moto, mwiko mkononi.

"Ndivyo," nilisema.

Alioa, akapata binti, akampa jina langu. Vita ya Wadachi na Waingereza ilipokuja walimchukua kubeba mizigo, na safari hiyo hakurudi. Mkewe akaolewa kwingine, na mtoto akaletwa kwangu, kwa sababu kila mtu alijua nilivyompenda baba yake. Nimemlea mimi. Sasa ni mwanamke mzima mwenye mvi zake, ndiye anayenipikia uji, ndiye anayeniosha miguu. Watoto wake wakiwa wakaidi huwaketisha mbele yangu, akaniomba niwasimulie tena jinsi nilivyomsemea babu yao kwa Mdachi, wajue maana ya ndugu. Huwasimulia. Yeye hukaa pembeni akifuta macho, ingawa habari yenyewe ameisikia mara mia. Kusoma hajui, na wanawe hakuna aliyepelekwa shule, ndiyo maana nimeweza kuandika.